Panzi wa rangi ya waridi

Jioni moja ya mwaka 2017 nilipotea Mexico City, saa ambayo watu wanatoka kazini na stesheni za treni ya chini ya ardhi zimefurika. Simu ilikuwa imezima, Kihispania sikijui, na anwani ya nilikofikia ilikuwa humo humo kwenye simu. Jina la stesheni niliyopandia asubuhi lilikuwa limenitoka kabisa. Nilikumbuka mchoro wake tu: piramidi.

Hapo niliposimama palikuwa Chapultepec, na kila ubao ulikuwa na panzi mweupe juu ya rangi ya waridi. Mama mmoja mtu mzima aliniona nikihangaika. Nilimchorea piramidi kiganjani kwa kidole. Akaniingiza kwenye behewa, akaninyooshea michoro iliyopangwa juu ya mlango: matao, kengele, kichwa cha tai, mzinga wa vita, chemchemi, merikebu, kisha piramidi. Akashuka kwenye kengele. Zilizobaki nilizihesabu mwenyewe, moyo ukitulia picha baada ya picha.

Michoro ya njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilibuniwa na Mmarekani Lance Wyman na wenzake. Chapultepec ni neno la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, maana yake kilima cha panzi, kwa hiyo asiyeweza kulisoma jina huliona. Huo kwangu ndio usanii wenye heshima kwa abiria.

Piramidi ilikuwa Pino Suárez. Na katika njia ya kupita kwa miguu ndani ya stesheni nikaikuta yenyewe, ya mawe: madhabahu ya Ehecatl, mungu wa upepo, iliyofukuliwa wakati stesheni ikijengwa. Asubuhi niliipita bila kuitazama. Safari hii nilisimama mbele yake hadi miguu ikachoka.

Usiku nilimpigia mama yangu. Hakupata kusoma, na kila safari hulazimika kuuliza watu njia, jambo linalomtia haya mpaka leo. Nilipomsimulia, jina la stesheni hakuliuliza.

“Huyo panzi ana rangi gani?”

“Waridi, mama. Njia nzima ni waridi.”

“Na piramidi?”

“Hiyo ina waridi na bluu.”

Akanyamaza kidogo.

“Basi hapo ndipo watu wanabadilisha treni,” akasema.

Mimi sikuwa nimemwambia hilo.