Mzee wangu wa karafuu alivyokatika shingo

Nilikuwa nachora katuni fupi ya mchuma karafuu, nyumbani Chake Chake, Pemba, kwa Krita, programu ya kuchorea ya kompyuta. Ni ya bure, na laptopu yangu haihimili kitu kizito. Mzee mwenyewe nilimchora kwa leya 14, yaani matabaka ya mchoro yanayopangwa moja juu ya jingine: kofia, kichwa, ndevu, macho, mdomo, kila mkono vipande viwili, hadi pakacha na upembo wake (kijiti chenye ndoana cha kuvutia matawi), ili kila kiungo kicheze peke yake. Nilipomsimamisha chini ya mkarafuu nikajicheka. Mkarafuu uliokomaa unaweza kupita mita 10, na mzee wangu alikuwa na kimo cha pikseli 900 (vitone vinavyounda picha) kwenye picha yenye kimo cha pikseli 1080. Huyo angechuma bila ya kupanda.

Kwanza nikabadili ukubwa wa picha nzima. Mzee akapungua, mkarafuu nao ukapungua, na mbingu pia! Nikarudisha. Ndipo nikajitia ujanja: nikapunguza leya mojamoja, kila moja asilimia 50. Kichwa kikanywea palepale kilipokuwa, kiwiliwili nacho palepale, kofia ikabaki juu inaelea kama kishada. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, mikono inanukia makonyo, vile vikonyo vya karafuu.

"Kaka, mbona mzee kachinjwa?"

Kumbe kila leya hunywea kuelekea katikati yake yenyewe, haijui jirani yake yuko wapi. Nikaanza kusogeza vipande kwa mkono. Saa nzima. Shingo ilikubali, bega la kushoto likakataa katakata.

Dawa ilikuwa ndogo hata naona haya kuisema. Nilirudi nyuma hadi mzee akawa mzima, nikachagua leya zote 14, nikabonyeza Ctrl+G zikaingia kwenye kundi moja. Kisha nikachagua kundi lenyewe, siyo leya iliyomo ndani (hapo nilikosea mara mbili), nikabonyeza Ctrl+T, nikafunga uwiano wa upana na urefu, nikaandika 50. Mzee akapungua na viungo vyake vyote. Nikamvuta chini mpaka nyayo zikagusa ardhi.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe tukio la tatu lilitaka uso wake kwa karibu, nami nikamkuza tena. Ndevu zikawa kama zimemwagiwa maji. Ukipunguza upana na urefu kwa nusu, inabaki robo tu ya pikseli, na zilizokwenda hazirudi kwa kukuza. Bahati nilikuwa na kopi ya mzee mkubwa kwenye flashi. Siku hizi sigusi mchoro wenyewe. Kundi naliwekea maski ya kubadili umbo, ambayo huonyesha udogo huku mchoro wa asili umekaa chini yake salama. Nikitaka asilimia 70 badala ya 50, nabadilisha namba tu. Laptopu inalalamika kidogo, lakini tunavumiliana.

Limebaki moja. Mistari ya mzee niliichora kwa brashi ya pikseli 6, sasa imekuwa 3, na ya mkarafuu bado ni 6. Mdogo wangu anasema haoni tofauti. Mie naiona kila nikifungua faili, kwa hiyo nimeshaanza kuchora majani upya, tawi kwa tawi.