Usiku wa kwanza baada ya kukaza uso: jinsi ninavyomhudumia mgonjwa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji jijini Nairobi, na kazi yangu huanza daktari anapofunga mshono wa mwisho. Watu wakiuliza habari za kukaza uso, yaani upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso iliyolegea, huuliza kisu kilipita wapi na miaka mingapi imeondoka. Kwangu swali kubwa ni presha ya mgonjwa kuanzia anapotoka thieta hadi kesho yake. Uso uliokazwa kwa ustadi unaweza kuharibika usiku mmoja, na mara nyingi kinachouharibu ni damu kuvilia chini ya ngozi.

Mkato huanzia kwenye nywele za panja, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ncha yake ya chini, hupanda nyuma yake na kuishia kwenye nywele za kisogo. Ngozi huachanishwa na kilicho chini yake, kisha daktari huvuta na kushona tabaka gumu liitwalo SMAS, ambalo madaktari Mitz na Peyronie walilieleza mwaka 1976. Zamani ilivutwa ngozi peke yake, ikalegea upesi na kuacha makovu mapana. Siku hizi tabaka hilo ndilo hubeba mzigo. Hata hivyo, kila upande wa uso hubaki na nafasi pana chini ya ngozi, na mshipa mdogo ukifunguka tena damu hupata pa kujaa. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa ngozi yenye ndevu ina mishipa mingi ya damu.

Basi ninapompokea, napima presha kila baada ya dakika 15 mpaka itulie, halafu kila nusu saa, halafu kila saa hadi asubuhi. Namba ya juu nataka isipite 140. Daktari huacha maagizo ya dawa ya kuishusha, lakini kabla sijaigusa natafuta kinachoipandisha. Mara nyingi ni kibofu. Mgonjwa amepewa maji mengi ya dripu, usingizi wa nusukaputi haujamtoka vizuri, hasemi chochote, na presha inakwea polepole kuelekea 160. Akisaidiwa kukojoa, inashuka bila dawa. Kichefuchefu nakizuia mapema kwa ondansetroni miligramu 4 kwenye mshipa, kwa sababu kutapika mara moja tu kunaweza kufungua mshipa uliokuwa umeziba. Kikohozi nacho hakiachwi. Kwa maumivu natumia parasetamoli gramu 1 kila saa 6. Diklofenaki na ibuprofeni sitoi mpaka daktari aruhusu, maana huongeza uwezekano wa kutoka damu. Ndugu hupenda kuleta vidonge vya nyumbani, kwa hiyo nawaeleza hili mlangoni kabla hawajaingia.

Kichwa cha kitanda nakiinua nyuzi 30. Mito mirefu chini ya kisogo naiondoa. Kidevu kikilalia kifua, ngozi ya shingo hukunjika na damu haiifikii vizuri. Kati ya kidevu na kifua nataka nafasi ya ngumi angalau moja. Asubuhi namwamsha atembee kidogo ili damu isigande miguuni, na namkanya: "Mama, usiiname kuvaa viatu, niite."

Sasa dalili. Upasuaji huu kwa kawaida hauumi sana. Mgonjwa hulalamika kubanwa, ngozi kufa ganzi na masikio kuziba. Akisema upande mmoja unauma na unazidi kuuma, au akawa hatulii kitandani bila sababu, sisubiri. Vitabu vingi husema tazama ngozi ikigeuka zambarau. Kwenye ngozi nyeusi ukingoja rangi umechelewa. Mimi naweka viganja kwenye mashavu yote mawili kwa pamoja na kulinganisha ugumu na joto. Kisha namulika tochi ndani ya mdomo, kwa sababu damu huonekana mapema upande wa ndani wa shavu na midomo. Shavu moja likiwa gumu na limejaa, nafungua bandeji, nampigia daktari papo hapo, na mgonjwa hali wala hanywi kwa kuwa huenda anarudi thieta. Shingo ikijaa hadi kupumua kuwe kwa shida, nyuzi za nyuma ya sikio hufunguliwa palepale kitandani ili damu itoke. Maagizo ya hilo nayataka mapema kwa daktari, yakiwa yameandikwa kwenye faili.

Kuna wanaoutegemea mpira wa kutolea damu, mrija mwembamba unaoachwa chini ya ngozi. Mpira hupunguza michubuko na majimaji, lakini hauzuii damu kuvilia: damu ikiganda haipiti humo. Mpira mtupu si ushahidi kwamba hali ni shwari. Kwa kawaida huondolewa baada ya saa 24 hadi 48.

Hatari nyingine ni ngozi kukosa damu ikafa, hasa nyuma ya sikio. Nabonyeza kwa kidole na kuachia, nione kama rangi inarudi upesi sawa na upande wa pili. Hapa sigara huponza wengi. Utafiti wa Rees na wenzake, uliochapishwa mwaka 1984, ulionyesha kwamba kwa wavutaji uwezekano wa ngozi kufa ulikuwa takriban mara 12 ya ule wa wasiovuta. Mgonjwa anatakiwa kuacha wiki 4 kabla, na shisha, sigara za umeme na plasta za nikotini zimo kwenye katazo hilo. Aspirini pia huachwa wiki moja hadi mbili kabla, ila aliyeandikiwa kwa ajili ya moyo asiiache mpaka daktari wake wa moyo aseme.

Siku ya tatu na ya nne uvimbe huwa juu kabisa. Uso hauko sawa pande mbili, michubuko imeshuka hadi kifuani, na wengi hulia. Namweleza kabla haijafika, na kioo tunakiweka mbali. Mdomo ukivutika upande mmoja namjulisha daktari. Mara nyingi neva imeshtuka tu na hurudi baada ya wiki au miezi.

Ganzi huleta ajali nyumbani. Barafu isigusane na ngozi, na mashine ya kukausha nywele isitumike, kwani mgonjwa ataungua bila kuhisi. Misuko na weave zitolewe kabla ya upasuaji. Nywele huoshwa kwa shampuu ya watoto daktari akiruhusu, mara nyingi kuanzia siku ya pili au ya tatu. Rangi ya nywele isubiri wiki 4 hadi 6, na kusuka kwa kuvuta kusubiri zaidi. Anayevaa hijabu aivae kwa kulegeza, bila pini karibu na masikio. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa siku ya 5 hadi 7, za nyuma na za kwenye nywele siku ya 10 hadi 14. Waliofanyiwa Istanbul au India wasipande ndege kabla ya siku hizo kumi na ushei, na warudi na ripoti kamili ya upasuaji.

Kuhusu makovu, swali langu la kwanza, kabla hata ya tarehe ya upasuaji kupangwa, ni kama alipotogwa masikio palivimba na kuota nyama. Kama ndiyo, daktari lazima ajue, maana keloidi hupenda ncha ya sikio na nyuma yake. Kidonda kikishafunga kabisa tunaanza plasta ya silikoni, inayovaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi. Kovu likianza kuwasha, kuwa gumu na kupanda juu ya ngozi, arudi wiki hiyo hiyo achomwe sindano ya triamsinoloni, dawa ya kulainisha kovu. Likiwa changa hulainika kwa urahisi kuliko likishakomaa. Ncha ya sikio iliyovutwa chini na ngozi iliyokazwa kupita kiasi haitibiwi kwa sindano wala plasta. Hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, baada ya angalau miezi 6, tishu zikishatulia.