Neno "kuteguka" lilinichelewesha mwaka mzima

Kwa mwaka mzima baada ya kuumia uwanjani, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba goti limeteguka. Jibu hilo lilimtosha mzee wa mtaani kwetu Igogo aliyenikanda kwa maji ya moto jioni ileile, na lilitosha pia katika zahanati nilikopigwa eksirei nikaambiwa mifupa ni mizima. Ilikuwa mizima kweli, lakini eksirei haioneshi kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, wala meniska.

Katika goti, mfupa wa paja hukutana na muundi, na mbele yake hukaa pia ya goti. Kati ya paja na muundi zimelala meniska mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo hutawanya uzito wa mwili. Kano mbili zimeshika ubavu wa ndani na wa nje, na katikati kabisa kano nyingine mbili hupishana; ya mbele ndiyo inayouzuia muundi usichomoke mbele ya paja.

Kano hiyo ya mbele mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: unakimbia, unasimama ghafla, unageuka, mwili umeshazunguka ilhali mguu bado umenata chini. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na kabla giza halijaingia goti lilikuwa limejaa hata pia ya goti haionekani. Daktari aliyenisaidia baadaye aliuliza hilo kwanza, kwa sababu goti linalovimba ndani ya saa chache aghalabu limejaa damu, na kano ya mbele ndiyo hushukiwa. Linalovimba taratibu hadi kesho yake, kisha likawa linakwama lisinyooke, huelekeza kwenye meniska. Nasikitika kwamba jioni ile nilikubali maji ya moto, maana joto huongeza uvimbe, wakati nilihitaji barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na mguu ulioinuliwa.

Daktari alinilaza, akalikunja goti kidogo, mkono mmoja ukashika paja na mwingine ukavuta muundi kuja mbele. Mguu usioumia ulikatalia palepale. Ule ulioumia ulisogea, nami nikauona ukisogea. MRI, kipimo cha picha kinachoonesha hata kano, ikathibitisha kwamba kano ya mbele imekatika.

Si kila aliyekatika kano hii hupasuliwa, kwani mtu asiyecheza, ambaye goti lake halimponyoki, huweza kutosheka na mazoezi ya misuli ya paja. Langu liliniponyoka nikishuka kwenye mawe ya mtaani na ndoo ya maji mkononi, nami nikakubali upasuaji. Kupitia matundu madogo na kwa msaada wa kamera nyembamba, mpasuaji huweka kano mbadala, mara nyingi iliyochukuliwa nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe, akaipitisha katika vitobo vya mifupa yote miwili. Meniska huamuliwa kivyake: ukingo wa nje una mishipa ya damu, hivyo huweza kushonwa ukapona, sehemu ya ndani haina, na ikichanika mara nyingi hupunguzwa tu.

Kurudi uwanjani huchukua takriban miezi 9, wakati mwingine zaidi. Zoezi langu la kwanza lilikuwa kuigandamiza taulo iliyokunjwa chini ya goti huku nikihesabu hadi tano, na siku ya kwanza msuli wa paja haukutikisika hata kidogo.