Herufi Chini ya Boneti

Mjomba wangu alikuwa fundi magari mjini Coventry, Uingereza, na kama Mmvita halisi, mwenyeji wa Mombasa, hakununua hata kitunguu bila maneno. Ndiyo maana nilishtuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, alipofungua boneti ya MGB nyekundu, gari dogo la michezo la Kiingereza, akanyamaza.

Muuzaji, mzee mtanashati mwenye tai, alikuwa ameshatusimulia kwamba gari halijawahi kuvuka bahari na kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa kasisi wa kijijini. Mjomba alifuta kibati kilichopigwa ribiti ubavuni kwa ndani. Zikajitokeza herufi GHN5UB, kisha tarakimu za gari lenyewe.

"Soma, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili. "G ni MG. H ni ukubwa wa injini, kuanzia cc 1400 hadi 1999. Hii ina 1798. N ni gari la wazi la watu wawili. Lingekuwa GT, lile lenye paa la bati, ungeona D. Tano ni toleo."

"Na U, mjomba?"

"USA. Na B ni modeli ya 1971, maana A ilikuwa 1970. Sasa niambie, huyo kasisi parokia yake ilikuwa wapi?"

Akapapasa madigadi, akanionyesha kwa kidole mahali palipozibwa taa ndogo za ubavuni, zilizodaiwa na sheria za Marekani. Usukani nao ulikuwa umehamishwa kulia, kazi safi kabisa, sikatai.

Kwangu mimi gari kurudi kutoka Marekani si aibu hata kidogo. Zaidi ya nusu ya MGB zilizotoka kiwanda cha Abingdon zilipelekwa huko, na zilizokaa majimbo makavu zilirudi na bodi nzima, wakati dada zao waliobaki Uingereza walikuwa wakiliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu kila kipupwe. Tatizo lilikuwa bei, iliyopandishwa kwa hadithi ya kasisi.

Mjomba hakumwita mtu mwongo. Alimsimulia mzee kuhusu Abingdon, kwamba namba za MG TC, modeli ya zamani zaidi, mwaka 1945 zilianzia 0251 kwa sababu simu ya kiwanda ilikuwa 251, kisha akamwuliza kwa upole kama anajua maana ya U. Mzee alilegeza tai. Bei ikashuka pauni 700, nasi hatukubishana tena.

Baadaye mjomba aliomba cheti kutoka Gaydon, kwenye makumbusho ya magari yanayotunza vitabu vya kiwanda. Kilithibitisha Marekani, kikaongeza jambo ambalo kibati hakikulisema: gari lilizaliwa na rangi ya manjano iliyofifia kuelekea shaba. Wapenzi wa magari ya zamani walimsihi airudishe rangi ya asili. Alikataa katakata, akasema ametoroka matatu za njano Mombasa, hawezi kuegesha nyingine mlangoni kwake.