Mita Yangu Ilichelewa Kuokoka

Mimi niliokoka mwaka 2011. Mita yangu ya dukani ilichelewa miaka minane.

Nauza vitambaa Biashara Street, Nairobi. Anayeijua kazi hii anaujua mchezo wa kuvuta: kitambaa kinachonyumbulika unakinyoosha juu ya mita ya mbao huku ukipiga soga na mteja, kisha unakata. Akifika nyumbani kimejirudi, na mita tatu zimekuwa mbili na kitu. Tajiri alinisifu kwamba mabunda yangu hayaishi upesi. Ijumaa nilikuwa kwenye kesha, naongoza sifa mpaka sauti inakauka. Saa saba mchana nilivuka hadi bustani ya Jeevanjee kuwasikiliza wahubiri, nikaitikia amina, nikarudi kuvuta. Wizi? Hapana, niliita kujua kazi.

Aliyenikamata ni shosho mmoja wa ushirika wetu Kawangware, fundi cherehani wa zamani, katika wale ndugu wa uamsho wanaoungama mbele ya watu hata wakimkasirikia paka. Alikuwa amenunua kwangu kitambaa cha sare za kwaya. Baada ya ibada alikitandaza mezani, akatoa futi yake, akapima kimya.

"Mwanangu, hiki kilipungua njiani?"

Nililia. Nikamwambia nitafunga siku tatu.

"Usifunge. Jumatatu nenda kazini."

Nikaenda. Kumbe kichwa kinaweza kutubu na vidole visipate habari! Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimevuta mara tatu. Dawa niliyoipata ni ya kitoto: nakilaza kitambaa mezani, naondoa mikono yote miwili, nahesabu moja mpaka tatu, ndipo napima. Wateja walidhani naomba. Kusema kweli nilikuwa naomba, maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, na pengine ya kwanza ambayo sikutaka yasikike.

Siku moja, ndani ya matatu ya 46, muziki ukipiga hadi viti vinatetemeka, nilifungua Wagalatia sura ya tano. Tunda la Roho nalijua kwa moyo tangu darasa la ubatizo: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole. Nikakwama kwenye neno la tisa. Kiasi. Najua Paulo alikuwa anasema habari za kujitawala, si habari za vitambaa. Lakini mimi ni muuza vitambaa, nilisikia nilivyosikia. Nusura nipitishwe stendi.

Shosho nilitaka kumlipa mara nne kama Zakayo. Alikataa katakata, akapokea kipande kilichopungua tu, akakipima tena! Wengine siwajui hata majina, na hilo hunikosesha usingizi. Tajiri aliuliza baada ya mwezi kwa nini mabunda yanaisha, nikamweleza. Hakunifukuza, ila ile ahsante ya mwisho wa mwezi ilikatika. Januari naihisi.

Kesha bado naenda, siku hizi nakaa nyuma.

Jumamosi, foleni ikiwa ndefu na miguu inauma, mkono wa kushoto huanza wenyewe. Juzi ulianza nikimhudumia bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake wawili. Nikaweka mkasi chini, nikakilaza kitambaa upya.

"Dada, kuna shida?" akauliza.

"Ipo kidogo," nikamwambia. "Nipe dakika moja."