Mikao ya Kupimia Programu za Sataranji
Kati ya mikao, yaani mipangilio ya vipande ubaoni, inayotumika kulinganisha programu za sataranji, ninaouthamini zaidi ni ule wa wachezaji Lasker na Reichhelm wa mwaka 1901, wenye wafalme na askari peke yao. Nyeupe hushinda kwa kumsogeza mfalme kutoka mraba wa a1 hadi mraba jirani wa b1, hatua isiyoonekana kuwa na maana yoyote, na programu isiyotunza kumbukumbu ya mikao iliyokwisha kuichunguza huzama katika njia zinazojirudia bila kuugundua ushindi huo. Jaribio la Bratko na Kopec la mwaka 1982, lenye mikao 24, lilisaidia sana enzi zake. Kwa programu za leo, naamini mechi nyingi zinazoanzia mikao ileile, kila upande ukicheza kwa zamu nyeupe na nyeusi, hupima kwa haki zaidi.