Nilivyoweza kuvuta uzi wa neti ya mvua ya mawe hapa Mbeya, ambako maji huchemka mapema

Miongozo ya mashine za uzi wa polietilini, aina ya plastiki, husema tangi la kuvutia uzi, yaani la kuurefusha ukiwa moto, liwe na maji ya sentigredi 98 hadi 100. Ukiwa Dar es Salaam au Tanga unatimiza sharti hilo bila hata kulifikiria. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye 94 hivi. Njombe yanachemka mapema zaidi. Isitoshe, maji yanayotokota hayafai, kwa sababu mapovu yanatikisa uzi mpaka unakatika. Kwa hiyo joto la kufanyia kazi linabaki 91 au 92. Sentigredi sita hizo zilizopungua ndizo zinazoamua kama neti itahimili mvua ya mawe juu ya parachichi au itachanika msimu wa kwanza.

Uzi wenyewe ni wa mviringo, unene wa milimita 0.28, unaofumwa kuwa neti za kivuli na za kukinga mvua ya mawe kwa wakulima wa Rungwe, Njombe na Ilula. Ni dinia 520 hivi, yaani mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 520. Ninataka kila uzi ubebe kilo 3 kabla ya kukatika, na urefuke asilimia 20 hadi 30. Uzi usiorefuka ni mkavu. Unaweza kubeba mzigo mkubwa ukivutwa polepole, lakini ukigongwa na jiwe la barafu unakatika hapohapo.

Malighafi iwe polietilini yenye densiti ya 0.950 hadi 0.955, na utiririkaji wa karibu gramu 1 kwa dakika 10, ikipimwa kwa sentigredi 190 na mzigo wa kilo 2.16. Ya kutengenezea ndoo ni rahisi kuipata na inatiririka vizuri, ila minyororo yake ya molekuli ni mifupi, hivyo haishikani ikivutwa. Ya madumu na mabomba ni nzito kutiririka kupita kiasi, inapandisha presha na kuacha uso wa uzi una magamba. Plastiki iliyorejelezwa siitumii kabisa kwenye uzi huu, hata kidogo. Chembe moja ya uchafu yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita ni zaidi ya theluthi ya uzi.

Kwa neti nyeusi nachanganya masizi maalumu ya kukinga jua. Mchanganyiko tayari wa asilimia 40 ya masizi, ukiweka kilo 5 ndani ya kila kilo 100, unakupa asilimia 2 kamili, na hiyo inatosha. Jambo la kuangalia ni unyevu. Punje za polietilini hazinywi maji, lakini masizi yanayanywa, na ukungu wa Juni na Julai huku kwetu haucheleweshi kazi hiyo. Unyevu ukiingia kwenye skrubu inayosukuma plastiki ndani ya mashine unageuka mvuke, uzi unatoka na vitundu ndani, kisha unakatika kwenye tangi la kuvutia, nawe unahangaika na rola ambazo hazina kosa. Kausha mchanganyiko wa masizi kwa sentigredi 80 saa tatu. Mifuko inayotoka ghala la baridi ikae ndani ya karakana imefungwa usiku mzima, maana ukiifungua ikiwa baridi punje zinatoka jasho.

Joto la pipa, ambamo skrubu inazunguka na plastiki inayeyuka, napanga 190, 220, 240 na 260 kutoka mdomo wa kulishia, na dai, yaani bamba lenye matundu ya kutolea uzi, 265. Uso wa uzi ukiwa na mikwaruzo kama msasa, pandisha dai sentigredi 10 au punguza mwendo wa skrubu. Chujio liwe la tabaka tatu, matundu 40, 80 na 120 kwa inchi, na libadilishwe presha inapopanda, usingoje uzi uanze kukatika.

Kutoka dai hadi maji ya kupoozea naacha milimita 30. Maji hayo yawe sentigredi 35 hadi 40. Hapa ndipo mtu wa nyanda za juu anapopata taabu ambayo wa pwani haijui, kwa sababu maji ya bomba wakati wa baridi yanagandisha ngozi ya uzi wakati moyo wake bado ni uji. Moyo ukija kupoa unasinyaa na kuacha uwazi katikati. Kata kipande kwa wembe, kitazame kwa lenzi: ukiona tundu jeusi katikati, pasha maji. Uzi ukitoka hapo, kabla haujavutwa, nataka uwe na unene wa milimita 0.82.

Sasa kuvuta kwenyewe. Nguvu yote ya uzi inapatikana hapa, kwa sababu minyororo inajifungua kutoka kwenye fuwele na kujipanga kuelekea upande mmoja. Ndio msingi uleule uliowawezesha Smith na Lemstra wa kampuni ya DSM, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1970, kupata nyuzi za polietilini zinazotumika kwenye fulana za kuzuia risasi. Wao walitumia minyororo mirefu mno, wakaiyeyusha kwenye kiyeyushi, wakaivuta hadi zaidi ya mara 30 ya urefu wake wa mwanzo, nguvu ikavuka gramu 30 kwa dinia. Sisi tunavuta mara 9 na tunapata 6, na kwa neti hiyo ni kazi kamili. Lakini mara 9 kwenye maji ya 92 haiendi. Uzi unageuka mweupe kama maziwa, dalili kwamba umejaa nyufa ndogo ndani, halafu unakatika. Ukishuka hadi mara 7 unapita bila shida, ila nguvu haifiki.

Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kurefusha tangi. Haisaidii. Uzi wa unene huo unachukua kama sekunde moja kupata joto la maji mpaka moyoni, na kwa mwendo wa mita 12 kwa dakika hizo ni sentimita 20 za mwanzo tu. Mita nyingine unazoongeza hazina cha kuupa. Ushauri wa pili ni chumvi. Gramu 58 kwa lita zinapandisha mchemko sentigredi moja, kwa hiyo kufidia sita unahitaji gramu 300 au zaidi kwa lita, yaani maji yanayokaribia kushindwa kumeza chumvi zaidi, na rola za chuma zitaliwa na kutu.

Kilichofanya kazi ni kuvuta kwa hatua mbili. Rola za kwanza zinazunguka mita 12 kwa dakika, za pili 84, katikati kuna tangi la sentigredi 92. Hiyo ni mara 7. Kisha uzi unaingia oveni ya hewa yenye urefu wa mita 3, joto la 115 hadi 120, na rola za tatu zinakwenda mita 108. Jumla inakuwa mara 9. Polietilini hii inayeyuka kati ya 130 na 135, lakini uzi unakaa humo sekunde mbili tu, haufikii joto la hewa yenyewe. Feni ya oveni lazima ieneze joto sawasawa upana mzima, la sivyo nyuzi za pembeni zinabaki dhaifu na mfumaji atakurudishia bobini.

Simama kando ya tangi uangalie mahali uzi mnene unapobanwa kuwa mwembamba, tunapaita shingo. Maji yakiwa sawa, shingo za nyuzi zote zimesimama kwenye mstari mmoja, kama shubiri moja kutoka uzi unapozama. Zikianza kusogea kuelekea katikati ya tangi, maji yamepoa au mwendo umezidi. Shingo ya uzi mmoja ikicheza peke yake, tundu lake kwenye dai limeziba nusu. Jicho lako litaona hayo kabla ya kipimajoto.

Baada ya rola za tatu unapita oveni ya pili ya 115, na rola za nne napunguza hadi mita 102, karibu asilimia 6, uzi upumzike. Usipofanya hivyo neti itasinyaa shambani na kung'oa nguzo za pembeni. Kupima, kata mita moja, weka kwenye oveni ya sentigredi 100 dakika 10, na usikubali upungufu wa zaidi ya sentimita 4. Usitumie sufuria ya maji, kwa sababu kipimo cha 94 kitakupa jibu zuri kuliko hali halisi.

Umeme ukikatika, fungua mifuniko ya oveni mara moja na ukate uzi. Feni ikisimama, joto la hita linajikusanya sehemu moja na kuyeyusha uzi uliosimama. Umeme ukirudi, acha pipa lipate joto saa moja na nusu kabla ya kuzungusha skrubu, kwani plastiki iliyoganda inaweza kuivunja.

Neti nyeupe ni habari nyingine. Haina masizi, inategemea kinga ya kemikali aina ya amini, na jua la huku juu lina miale ya urujuanimno mikali kuliko la pwani. Adui wa kinga hiyo ni salfa ya unga na dawa zenye klorini. Asidi zinazotokana nazo zinaiua kinga ndani ya uzi, na neti inaanza kukatika kabla ya muda wake. Kwa hiyo kabla sijamuuzia mkulima neti nyeupe namuuliza anapulizia nini. Anayetumia salfa mara kwa mara namshauri achukue nyeusi yenye matundu makubwa, ambayo kivuli chake si kizito kwa mmea.